Shamba la Utafiti Halifai Mashine Kongwe: Somo la Kizimbani

Ndugu zetu wanaokaa The Pearl hapa Doha wanalijua joto la Agosti, lakini wakishafunga mlango hawalisikii tena. Baridi ile haitoki kwenye mashine ya kila chumba. Inatoka kwenye mtambo mmoja mkubwa unaopoza maji na kuyasukuma kwa mabomba mpaka majengo ya kisiwa. Mtambo huo ulifunguliwa 2010, ukiwa na uwezo wa tani 130,000 za ubaridi, na wakati huo ulitajwa kuwa mkubwa kuliko wote wa aina yake duniani. Mtambo wa namna hiyo haungojewi ufe ndipo utafutwe mwengine. Mafundi huhesabu saa ilizofanya kazi, hubadilisha kipande kabla hakijakatika, na fedha ya kipande huwa imeshatengwa.

Tuhamishe hesabu hiyo hiyo nyumbani, Kizimbani.

Kizimbani si jina geni kwa familia zetu. Huko na Mtoni ndiko inakosimuliwa kuwa mikarafuu ya mwanzo ya Unguja ilipandwa, mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa sana kuileta ni Saleh bin Haramil al-Abri. Seyyid Said ndiye aliyelieneza zao hilo visiwani. Zama za Waingereza pakafanywa kituo cha majaribio ya kilimo, na leo ndipo ilipo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar, ZARI, pamoja na skuli ya kilimo ya SUZA.

Watu wengi wakiambiwa serikali inataka kununua mashine mpya za shamba la utafiti, huuliza: trekta la zamani si bado linawaka? Kwa mkulima wa kawaida swali hilo ni la haki. Trekta likilima, limelima. Lakini shamba la utafiti halivuni chakula tu, linavuna jawabu. Mashine mbovu huharibu jawabu bila ya mtu kujua.

Chukua mtafiti anayelinganisha mbegu tano za mpunga. Hugawa bonde kuwa majaruba madogo yaliyo sawa, kila mbegu ikapandwa katika majaruba kadhaa. Sharti lake ni moja: kila kitu kiwe sawa isipokuwa mbegu. Ikiwa plau imepinda na inalima kina upande mmoja na juu juu upande wa pili, au bomba la dawa linamwaga zaidi kwenye jaruba moja kuliko jengine, basi mwisho wa msimu tofauti ya mavuno haitoki tena kwenye mbegu. Imetoka kwenye chuma. Ndiyo maana mafundi wa kilimo hupima pua za bomba la dawa kwa kukinga maji ya kila moja kwa dakika moja. Ikiwa pua inatoa zaidi ya asilimia 10 kuliko ilivyokuwa mpya, hutupwa, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Jambo la pili ni usafi wa mbegu. Watafiti wa Zanzibar, wakisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, walitumia mionzi kupata mbegu ya mpunga iitwayo SUPA BC, iliyotolewa kwa wakulima 2011. Kazi ya namna hii huchukua miaka. Kilo moja ya mpunga ina punje kiasi cha 40,000. Mashine ya kupuria iliyobonyea na kupasuka huficha punje ndani ya nyufa zake. Ikibakisha gramu 100 tu za mbegu ya jana, ni punje 4,000 zinazoingia kwenye mbegu ya leo. Zikiota katika mbegu mama, huzaa na kuenea mpaka kwenye mbegu za msingi, na mwisho kwenye gunia la mkulima wa Cheju au Kibokwa aliyenunua akiamini kuwa ni aina moja.

La tatu ni wakati. Masika hayangoji kipuri kutoka ng'ambo. Trekta likikatika Machi na kipuri kikafika Juni, mkulima amepoteza mavuno ya msimu. Mtafiti amepoteza mwaka mzima wa jaribio, na pengine jaribio lote.

Basi kubadilisha mashine kunafanywaje ipasavyo? Hatua ya kwanza si kununua, ni kuandika: kila mashine, saa ilizofanya kazi, gharama ya matengenezo ya kila mwaka, na siku ilizolala karakana. Wahandisi wa kilimo hukisia umri wa trekta la kawaida kuwa saa 12,000. Likifanya saa 1,000 kwa mwaka, ni miaka 12. Baada ya hapo matengenezo huanza kula fedha ya trekta jipya. Hatua ya pili ni kupunguza aina. Kituo chenye matrekta sita ya makampuni sita, kila moja kutoka kwa mfadhili wake, kinahitaji stoo sita za vipuri. Hatua ya tatu ni fedha ya kila mwaka ya vipuri na ya kusomesha mafundi. Bila ya hiyo, mashine mpya ya leo ndiyo chuma chakavu cha miaka mitano ijayo.

Hili linatuhusu sisi tulioko Ghuba pia. Wapo wanaofikiria kununua trekta lililotumika huku na kulipeleka shamba la familia, au kulitoa sadaka. Nia ni njema, lakini uliza kwanza: trekta zito litaingia bonde la mpunga bila kuzama? Plau yake itastahamili ardhi ya maweni? Vipuri vyake vinapatikana Unguja au Dar es Salaam? Fundi ni nani? Mara nyingi pawatila ndogo yenye sanduku la vipuri na fundi aliyelipiwa mafunzo humfaa mkulima zaidi kuliko trekta kubwa litakalosimama chini ya mwembe.

Na ukisikia nyumbani wanajadili bajeti ya mashine za utafiti, usiulize idadi ya matrekta peke yake. Uliza fungu la vipuri ni kiasi gani.