Maji ya Kioo Hayatoki: Sikiliza Kwanza

Kiangazi barabara zetu za vijijini hujaa vumbi. Lori moja likipita, kioo cha mbele cha gari linalofuata kinageuka chekundu. Jua la jioni likikipiga, dereva haoni ng'ombe wala mtoto anayevuka. Waipa ikisugua vumbi kavu inakwaruza kioo tu. Ndiyo maana gari lina tangi dogo la maji na pampu ya umeme. Dereva akibonyeza swichi, pampu inazunguka na maji yanaruka hadi kwenye kioo.

Ndugu msomaji, siku maji yasipotoka, usikimbilie kununua pampu. Tazama tangi kwanza. Wengi hutaabika na nyaya kumbe tangi ni kavu! Maji yakiwamo, mwenzako afungue ufunguo bila kuwasha injini, halafu abonyeze swichi. Wewe simama karibu na tangi, usikilize. Pampu ikilia, umeme unafika. Basi mpira wa maji umechomoka, au vitundu vya kurushia vimeziba. Vizibue kwa pini. Ikiwa kimya, tafuta umeme.

Anza na fyuzi. Ndani yake mna waya mwembamba, na kazi yake ni kukatika. Umeme ukizidi, fyuzi inakatika ili nyaya za gari zisiungue. Mara nyingi kifuniko cha sanduku la fyuzi huonyesha ipi ni ya pampu. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya namba ileile. Palipo na 10 usiweke 20. Wapo wanaotia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Maji yanatoka, na watu wanawasifu kuwa mafundi hodari. Lakini sasa hakuna cha kukatika. Waya ukipata moto, plastiki yake inayeyuka, na gari zima laweza kuungua na mzigo wake. Fyuzi mpya nayo ikikatika papo hapo, usiweke ya tatu. Kuna waya uliochubuka unagusa bodi, au pampu imekwama.

Fyuzi ikiwa nzima, nenda kwenye pampu, uchomoe plagi yake. Huenda ukakuta unga wa kijani. Hiyo ni kutu ya shaba, imeletwa na maji. Ikwangue taratibu. Kisha chukua balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili. Gusisha nyaya hizo kwenye vyuma viwili vya plagi, mwenzako akibonyeza swichi. Balbu ikiwaka, umeme upo. Rudisha plagi, pampu ikinyamaza bado, imekufa, nunua nyingine.

Isipowaka, gusisha waya mmoja kwenye chuma kisafi cha bodi, na wa pili kwenye vyuma vya plagi, kimoja kimoja. Ikiwaka sasa, umeme unakuja ila hauna njia ya kurudi kwenye betri. Umeme lazima uende na urudi. Tafuta waya wa pampu uliofungwa kwenye bodi, ondoa kutu, kaza bolti. Katika magari mengine njia hiyo hupitia kwenye swichi. Balbu ikikataa kabisa, waya umekatika njiani au swichi ni mbovu. Hapo mwite fundi umeme, umweleze ulichokwisha kupima ili asianze upya.

Mpaka atakapofika, beba dumu la maji na kitambaa. Kioo kikichafuka, simama pembeni ukioshe.