Hasira Mlangoni mwa Dini

Ndugu Waislamu,

Tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo twauliza: mtu akisilimu kwa uchungu wa kudhulumiwa, je, ameingia katika dini, au ameiingiza hasira yake ndani ya dini?

Tuutazame mfano wa Malcolm X, Mmarekani mweusi. Alikuwa gerezani tangu 1946 hadi 1952, na humo akajiunga na kundi la Nation of Islam. Kundi hilo lilimtoa katika wizi na ulevi, likamrudishia heshima. Lakini lilimfundisha pia kwamba wazungu wote ni mashetani. Fundisho hilo halimo katika Uislamu. Lilikuwa jeraha la watu wake lililovishwa kanzu ya dini.

Machi 1964 aliachana na kundi hilo, na Aprili akahiji. Huko Makka alikula sahani moja na mahujaji wa kila rangi, akakiri hadharani kwamba alikosea. Je, aliacha kupinga dhuluma? La. Aliipinga hadi alipouawa New York tarehe 21 Februari 1965. Kilichobadilika ni mizani: zamani aliwapima watu kwa rangi, sasa aliwapima kwa vitendo.

Aya ya 8 ya Suratul Maida yatukataza kuuacha uadilifu kwa ajili ya chuki. Basi kijana akitujia na uchungu wake, tusimfukuze, wala tusimtafutie aya za kuunoa. Tumfundishe dini, ili imani iihukumu hasira, isiwe hasira ndiyo inayoihukumu imani.

Wabillahi taufiki.