Spika Ukutani: Tepu Kwanza, Tindo Baadaye



Vikundi vyetu vingi hukutana katika chumba kimoja kidogo. Kule Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, chumba hicho mara nyingi ni cha kupanga, kirefu na chembamba, na wanachama hukaa mikekani mpaka mlangoni. Anayefundisha hesabu za kikundi akizungumza, walio nyuma hawasikii. Basi kikundi kinachanga, kinanunua amplifaya na spika mbili. Spika zinawekwa sakafuni, zinakula nafasi ya watu wanne, na watoto wanazipanda. Hapo ndipo mtu anaposema, "Jamani, si tuzitie ukutani tu!"

Wazo hili si baya. Siku hizi zinauzwa spika nyembamba za kuzamishwa ukutani, hazichukui nafasi na mtoto hazifikii. Lakini kabla ya fundi kushika tindo, tukae kitako tufikiri. Ukuta ukishatobolewa haurudi ulivyokuwa, na mara nyingi ukuta wenyewe si wetu. Hasara ikitokea, zinazolipa ni hisa za wanachama.

KWA NINI SPIKA HAIENEI

Spika hizi zilibuniwa kwa nyumba za namna nyingine. Kule Marekani kuta nyingi za ndani ni nguzo za mbao zilizofunikwa bodi za jasi pande mbili. Katikati ni tupu, uwazi wa karibu sentimita 9. Fundi wa kule hukata bodi kwa msumeno mdogo, akaingiza spika, kazi imekwisha.

Kuta zetu ni za kujaa. Ukuta wa bloku za inchi 6 una sentimita 15 tu, na wa inchi 4 una sentimita 10, bila kuhesabu lipu. Nyumba za zamani za Kibokoni zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zinapita sentimita 45. Lakini vyumba vingi viligawanywa baadaye kwa kuta nyembamba, na mpangaji hapati kujua kwa macho ukuta upi ni upi. Vijijini nako kuna kiambaza cha fito na udongo, ambacho ukikata fito zake umekata mifupa yake.

Tena kuna jambo la hewa. Spika hutoa sauti mbele na nyuma pia. Sauti ya nyuma ikizunguka ikakutana na ya mbele, zinauana, hasa sauti nzito. Ndiyo maana spika hufungiwa ndani ya sanduku. Ile ya ukutani huazima hewa iliyo ndani ya ukuta mtupu. Kwetu hakuna hewa ya kuazima. Ukichimba shimo la kuitosha spika peke yake, itaingia, lakini itasikika kama mtu anayesemea ndani ya kopo.

KIASI GANI UKUTA UNAWEZA KUKATWA

Mafundi waliosomea ujenzi wa Kiingereza wana kanuni ya mifereji ya waya: mfereji wa kusimama usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Kwa ukuta wa sentimita 15, wa kusimama ni sentimita 5 na wa kulala ni sentimita 2 na nusu. Sasa fikiri: kama mfereji mwembamba wa waya umewekewa mpaka, je, shimo pana la spika lenye kina cha sentimita 8? Unabaki na sentimita 7 za ukuta, na pengine juu yake kuna boriti au ngazi ya jirani.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: usiufungue ufa kwa mkono wako mwenyewe.

Ushauri wetu ni mmoja: ukuta ukiwa hauna kina, usichimbe ndani, jenga kuja nje. Zipo njia mbili.

NJIA YA KWANZA: KIDAKA

Nyumba za kale za mwambao zina vidaka, yaani nafasi zilizoachwa ukutani tangu siku ya kujenga, za kuwekea taa, vyombo na vitabu. Kabla hujatafuta tindo, tafuta kidaka. Tengeneza sanduku la plaiwudi dogo kidogo kuliko kidaka, litie spika, lisukume ndani. Hakuna msumari hata mmoja unaoingia ukutani, na siku ya kuhama mnaondoka na sanduku lenu. Ila kidaka chenye nakshi ya chokaa kiacheni kama kilivyo.

NJIA YA PILI: SANDUKU BAPA

Pasipo kidaka, tengenezeni sanduku bapa la kutundikwa, kama picha nene. Hatua zake ni hizi:

1. Pima kina cha spika, kuanzia ukingo unaokaa juu ya ubao mpaka mwisho wa sumaku. Tuseme ni sentimita 6. Ongeza sentimita 2 za nafasi ya kupumua. Ndani ya sanduku pasipungue hapo, ukihesabu na unene wa ubao wa mbele.

2. Kata plaiwudi ya milimita 12. Sanduku la nje la sentimita 60 kwa 40 kwa 10, likiwa na ubao wa mbele na wa nyuma, hubaki na hewa ya karibu lita 16 ndani. Kwa spika ndogo ya kusikilizia maneno, hiyo yatosha. Kina kikiwa kidogo, ongeza upana na urefu. Hewa haijali umbo.

3. Gundisha viungo vyote na kaza kwa skrubu. Ziba kila mwanya, hata tundu la waya. Sanduku linalovuja hulia kama nzi.

4. Ndani yake tandika sufi au kipande cha blanketi kuukuu, kisiguse spika.

5. Tundika kwa skrubu nne zilizoingia kwenye bloku au jiwe, siyo kwenye lipu tu. Kati ya sanduku na ukuta weka vipande vya raba ya tyubu ya gari, ili ukuta usitetemeke pamoja na spika.

6. Paka rangi ya ukuta. Ukiwa mbali hutaona kama kuna kitu.

Kwa kiambaza cha udongo, usitundike juu ya udongo. Funga ubao kwenye nguzo mbili za nyumba, kisha tundika sanduku juu ya ubao huo.

Spika zikae mbele ya chumba, juu kidogo ya vichwa vya waliokaa, mbali na pembe kiasi cha nusu mita, maana pembe huvimbisha sauti nzito na maneno yakapotea. Anayesema kwa maikrofoni akae nyuma ya mstari wa spika; akisimama mbele yake itapiga mluzi. Mikeka na pazia hupunguza mwangwi, wala haviongezi gharama.

WAYA NA CHUMVI

Waya wa spika usipitishwe bomba moja na waya wa umeme wa nyumba. Huu wa nyumba ni wa volti 240 na unaua. Kazi yoyote ya soketi apewe fundi wa umeme mwenye leseni, siyo kijana wa jirani. Kwa spika, waya wa milimita 1.5 za mraba unatosha kwa chumba cha kawaida. Angalieni pia namba ya omu: spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4. Amplifaya isiyokubali omu 4 itachemka.

Hewa ya bahari ina chumvi. Chagueni skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na spika yenye koni ya plastiki kuliko ya karatasi. Kama ukuta wa chokaa umebanduka kidogo, uzibeni kwa chokaa. Simiti juu ya chokaa hufungia unyevu ndani, na baada ya mvua kadhaa lipu huanguka.

MWENYE NYUMBA, HIFADHI NA JIRANI

Mwenye nyumba aulizwe kwanza, na jibu lake liandikwe, hata kama ni mistari miwili. Kibokoni kuna zaidi: Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kabla ya kugusa ukuta wa nyumba ya kale, pitieni ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Swali halilipiwi.

Halafu jirani. Katika vichochoro vile, ukuta wako ndio ukuta wa kitanda chake. Huenda kuna mgonjwa, mtoto mchanga, au mtu aliyerudi kutoka zamu ya usiku bandarini. Basi tundikeni upande wa njia, msitundike kwenye ukuta mnaoshirikiana. Raba hupunguza mtetemo, haizuii sauti kupita hewani. Kinachozuia hiyo ni kupunguza sauti. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zimeweka mpaka wa desibeli 35 katika makazi wakati wa usiku, ambao huhesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hicho ni kiasi cha mnong'ono tu.

Lakini tusingoje sheria. Adhana ikisikika, zimeni. Mwezi wa Ramadhani, ulizeni saa gani inafaa. Kikundi chenye Wakristo na Waislamu kimejengwa kwa kuaminiana miaka mingi, na kelele za jioni moja zaweza kuubomoa uaminifu huo haraka kuliko tindo linavyobomoa ukuta. Tena mialikeni majirani waje wasikilize siku ya majaribio. Mmoja akae kwake, mwenzake aongeze sauti polepole, na wekeni alama kwenye kitufe pale anaposema, "Basi, hapo." Alama hiyo isipitwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, shida yetu ni spika, au ni kwamba tumekaa vibaya? Tukikaa duara, bado tutazihitaji?

2. Ukuta tunaotaka kuutumia ni wa nani, na una unene gani? Nani ataupima kabla ya mkutano ujao?

3. Nani anaishi upande wa pili, na nani kati yetu atakwenda kuzungumza naye?

4. Tukihama, tutaondoka na nini na tutaacha nini?

Kikundi kikishajibu maswali haya manne, ndipo fundi aitwe. Tunawatakia kazi njema na mikutano inayosikika mpaka mlangoni, isivuke mlango.