Kufumua Hifadhidata Kongwe: Mfano wa Kolwezi

Nadharia ya hifadhidata za kihusiano ilitolewa na E. F. Codd mwaka 1970: habari zote ziwekwe katika majedwali, na jedwali lifungamane na jingine kwa thamani zilizomo ndani yake. Ingedhaniwa, basi, kwamba maana ya hifadhidata ya namna hiyo iko wazi kwa kila aitazamaye. Sivyo. Mfumo wa Oracle ulianza kusimamia funguo za kigeni katika toleo la 7, mwaka 1992. Kabla ya hapo, kilichounganisha jedwali la wafanyakazi na lile la malipo kilikuwa ndani ya programu, na pengine kichwani mwa aliyeiandika.

Kazi ya kuirudisha maana hiyo ndiyo kufumua, uwanja uliochunguzwa kwa kina na Jean-Luc Hainaut wa Chuo Kikuu cha Namur, Ubelgiji. Mfumuaji hafanyi kazi tofauti sana na ya msomaji wa muswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu. Hati ina alama tatu za irabu, lugha ina irabu tano. Msomaji huamua kati ya i na e kwa kuijua lugha, wala si kwa kukodolea macho alama.

Chukulia orodha ya wafanyakazi wa mgodi mmoja wa Kolwezi, iliyoanzishwa miaka ya 1980. Safu ya mkoa ina "Shaba" hapa na "Katanga" pale. Hayo si makosa ya uchapaji. Mkoa uliitwa Shaba (neno la Kiswahili, ajabu yake) tangu 1971 hadi 1997, ukarudia jina la Katanga, na mwaka 2015 ukagawanywa mara nne, Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Bwawa la Nzilo nalo liliitwa Delcommune zama za Wabelgiji. Fedha ni fumbo zito zaidi, kwa kuwa safu ya mshahara ina tarakimu tupu. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilishika nafasi ya zaire 3,000,000 za awali. Mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikashika nafasi ya zaire mpya 100,000. Tarakimu isiyo na tarehe haisemi kitu.

Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Stahili za mtu hukokotolewa kwa miaka ya utumishi na kwa mshahara. Programu ya kuhamisha data ikimhesabu mtu wa "Shaba" na yule yule wa "Katanga" kuwa watu wawili, imemkata utumishi wake vipande viwili.

Kwa hiyo, katika kuhuisha mfumo, jina la mahali halifai kufanywa ufunguo. Mahali hupewa namba isiyobadilika, na majina yake huwekwa katika jedwali la pembeni, kila moja na mwaka wa kuanza na wa kukoma. Kila kiasi cha fedha huandikiwa sarafu yake. Safu za kale huachwa zisomwe tu, bila kuguswa, hadi hesabu za mifumo yote miwili zilingane, mtu kwa mtu.