Mhunzi wa Kakamega na Jembe la Theluji

"Mchagua jembe si mkulima," walinena wahenga, na maana yao ni wazi: mwenye nia ya kulima hushika jembe lililopo akaingia shambani. Lakini ndugu msomaji, ipeleke methali hiyo soko la Kakamega wakati mvua za masika zinapokaribia, utaona wakulima wakiichekea. Mnunuzi mzoefu hulining'iniza jembe kwa kidole, akaligonga kwa chuma kingine, kisha akatega sikio. Likilia kama kengele, mazungumzo ya bei huanza. Likitoa sauti ya debe, hulirudisha chini bila neno. Sauti haimwambii kila kitu, lakini chuma chenye ufa hakilii sawasawa, naye hana haja ya jembe litakalovunjika katikati ya msimu.

Mkulima huyo ana sababu ya kuchagua. Kakamega ni nchi ya mvua nyingi, na udongo wake ukilowa hushika jembe kama gundi. Mahindi, maharage, miwa na chai vyote vinategemea kipande cha chuma kilichonolewa upande mmoja. Na aliyekifua kipande hicho, mara nyingi, ni fundi wa jua kali aliye hatua chache tu kutoka hapo sokoni.

Ufundi huu haukuja na gari la moshi. Kabla ya wageni kufika, watu wa Samia, magharibi ya Kakamega kuelekea mpaka wa Uganda, walisifika kwa kuyeyusha mawe yenye chuma na kufua majembe. Majembe hayo yalisafiri kwa Waluhya na Wajaluo, yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka, na hata yakaingia katika mahari. Uhunzi haukuwa kazi ya kila mtu. Ulikaa katika koo fulani, ukarithiwa na mtoto kutoka kwa baba, na mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa pia, kwa kuwa mtu anayeligeuza jiwe kuwa jembe hakuonekana kuwa mtu wa kawaida.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilileta majembe ya viwanda vya Ulaya, mengi na ya bei nafuu. Matanuru ya kuyeyushia chuma yalizimika moja baada ya jingine. Lakini tofautisha mambo mawili: kilichokufa ni kuyeyusha, wala si kufua. Mhunzi aliacha kutafuta jiwe akaanza kutafuta chuma kuukuu, na magari yalipoanza kuchakaa barabarani alipata hazina ambayo babu yake hakuiota. Hazina hiyo ni springi ya lori.

Kwa nini springi, na si bati lolote nene? Chuma laini cha kawaida, kile cha madirisha na mageti, kina kaboni kidogo sana. Hata ukikitia moto na maji mara kumi hakigeuki kuwa kigumu. Springi ina kaboni ya karibu asilimia 0.6, na kiasi hicho kinatosha kukipa chuma makali yanayodumu bila kukifanya kikatike kama chungu. Fundi huikata, huichoma kwenye makaa huku mvukuto ukipumua, kisha huilaza juu ya fuawe, ambayo aghalabu ni kipande cha reli, akaipiga mpaka ifuate umbo.

Baada ya umbo huja kazi ya kutia maji, na hapo ndipo fundi hupambanuka na mpiga nyundo. Chuma huchomwa mpaka kiwe chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, kwenye nyuzi 800 na kitu. Alama moja ya kuaminika ni sumaku: chuma kikipita nyuzi 770 hivi, sumaku haikishiki tena. Hapo hutumbukizwa katika oili chafu ya injini, kikatoka kigumu lakini chepesi kuvunjika. Basi hurudishwa kwenye moto wa taratibu, na fundi huangalia rangi zikitembea juu ya uso uliosuguliwa: kwanza njano ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Kisu hutolewa kwenye njano. Jembe linalokutana na mawe huachwa lifike zambarau au buluu, lipate unyumbufu. Hana kipimajoto, ana jicho lake na miaka yake.

Sasa, msomaji, tuvuke bahari kidogo. Katika nchi za baridi, kama vile Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani, theluji huanguka usiku kucha na asubuhi mtu hawezi kutoka nyumbani kwake. Wenye mikono ya ufundi hujitengenezea wenyewe jembe la theluji na kulifunga mbele ya gari dogo la porini. Sisi theluji yetu iko kileleni mwa Mlima Kenya, na huku Kakamega kinachotuangukia ni mvua ya mawe. Hata hivyo, ukieleza jinsi jembe hilo linavyoundwa, mhunzi wetu atatikisa kichwa kama mtu asikiaye habari za nyumbani.

Kwanza ni mkunjo. Bamba lililonyooka husukuma theluji mpaka ikapanda na kumwagika juu yake. Lililokunjwa huiviringisha mbele. Wengi hupata mkunjo huo kwa kupasua bomba nene au tangi kuukuu. Ni kanuni ile ile ya bawa la plau ya ng'ombe linalopindua udongo. Pili ni pembe: jembe likigeuzwa nyuzi 30 hivi, mzigo humwagwa kando ya njia. Tatu ni makali. Hayachomelewi moja kwa moja, bali hufungwa kwa boliti, ili yakilika yabadilishwe peke yake. Nne ni viatu viwili vya chuma vinavyolizuia jembe lisichimbe ardhi. Tano ni springi zinazoliachia liiname likigonga jiwe, la sivyo pigo lote litaingia kwenye chasisi. Na nguvu ya kusukuma hupelekwa chini, kwenye chasisi yenyewe, wala si kwenye bampa.

Je, kuna lolote hapo linalomshinda fundi wa Kakamega? Hapana. Bamba kama hilo, likifungwa kwenye trekta ndogo, lingesawazisha njia ya kijijini iliyochimbwa na magari ya miwa. Ujuzi upo. Kinachotia shaka ni kama utaendelea kuwapo.

Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ilionyesha kwamba watu hawa wa sekta isiyo rasmi walikuwa wakibeba sehemu kubwa ya ajira nchini. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na tangu hapo vibanda vikajengwa kuwakinga na jua lililowapa jina. Lakini kibanda hakifui chuma. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo na nyaya za umeme kuharibiwa na wezi. Sababu ilikuwa nzito, na marufuku iliondolewa miezi kadhaa baadaye, lakini ilidhihirisha jambo ambalo wengi hawakulifikiri: chuma kuukuu kikikosekana, nyundo hunyamaza na jembe hupanda bei.

Hatari ya pili haina kelele. Kijana wa leo hupenda mashine ya kuchomelea kuliko makaa, na si kosa lake, kwani mageti yanalipa haraka. Anajua kuunganisha chuma na chuma. Kusoma rangi zake hakujui. Mzee anayezisoma hakuandika kitabu. Hapo hapo Kakamega kuna chuo cha ufundi cha Sigalagala na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wapo wenye vipimajoto na wenye kalamu. Ingekuwa heri wakamwita mzee wa fuawe, yeye aonyeshe rangi, wao waandike nyuzi zake, na mwanafunzi aondoke na vyote viwili.

Methali ya wahenga haikukosea. Mkulima wa kweli hachagui jembe pale ambapo hakuna la kuchagua. Lakini wahenga hao hao walikuwa na mhunzi kijijini, na jembe lao likivunjika walijua mlango wa kubisha. Wajukuu wetu nao, majembe yao yakivunjika, watabisha wapi?