Dawa ya Malaria Iliyotoka Katika Majani ya Pakanga

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mmea mmoja wa Uchina, wa jamii ya pakanga, ambao wataalamu huuita Artemisia annua. Ni mmea wa msimu mmoja, wenye harufu kali na majani yaliyochanika-chanika, nao waweza kupita kimo cha mtu. Umepandwa hata katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Twataka kueleza jinsi dawa ya malaria ilivyopatikana katika majani yake, na kwa nini haifai kuyachemsha nyumbani na kuyategemea kuwa ndiyo tiba.

Malaria huletwa na vijidudu ambavyo mbu hututia katika damu. Kwa miaka mingi klorokwini iliviua, lakini vijidudu vikaizoea, na watu wakafa ingawa wamemeza dawa. Mwaka 1967 serikali ya Uchina iliwakusanya wataalamu watafute dawa mpya, na mwaka 1969 Bibi Tu Youyou wa Beijing akapewa kuongoza kundi mojawapo.

Bibi Tu hakudharau elimu ya wazee, wala hakuikubali bila kuipima. Yeye na wenzake walikusanya maagizo ya dawa za kienyeji zaidi ya 2,000, kisha wakajaribu dawa za mimea mingi kwa panya wenye malaria. Pakanga ilionekana kufaa mara moja, lakini ilipojaribiwa tena haikufaa. Basi akasoma tena vitabu vya kale, na katika kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akaona kwamba majani yalilowekwa katika maji kisha yakakamuliwa. Moto haukutajwa. Hapo akafahamu kwamba huenda joto ndilo liliharibu dawa.

Akatumia etha, maji makali yachemkayo kwa joto dogo la digrii 35 tu, ili kuitoa dawa majanini. Mwezi wa Oktoba 1971 dawa hiyo iliviua vijidudu vyote katika panya waliojaribiwa, na baadaye katika kima. Mwaka 1972, kabla ya kuwapa wagonjwa, Bibi Tu na wenzake waliinywa wao wenyewe, wapate kujua kama ina madhara. Mwaka huo huo asili yake ikapatikana safi, nayo huitwa artemisinini. Mwaka 2015 Bibi Tu alipewa Tuzo ya Nobel.

Dawa hii yafanyaje kazi? Kijidudu cha malaria hula wekundu wa damu, ambao ndani yake mna chuma. Chuma hicho kikikutana na artemisinini, huivunja, nayo hugeuka kuwa sumu ya kukiua kijidudu. Chakula chake ndicho kimwuacho.

Lakini nguvu ya artemisinini hudumu mwilini kwa saa chache tu. Kwa hiyo huchanganywa na dawa nyingine ikaayo siku nyingi, ili imalize vijidudu vilivyosalia. Ndiyo maana twaita dawa mseto.

Sasa yafaa tuseme wazi juu ya chai ya pakanga. Kiasi cha dawa katika majani si kimoja: hutofautiana kwa mbegu, kwa shamba, na kwa wakati wa kuvuna. Tena haiyeyuki vema katika maji. Mnywaji aweza kuona homa imeshuka, kumbe vijidudu vingali hai, na ugonjwa humrudia. Kwa mtoto mdogo kuchelewa huko kwaweza kuwa mauti. Zaidi ya hayo, dawa haba huwafunza vijidudu kuvumilia. Vijidudu vyenye uvumilivu wa namna hiyo vimekwisha onekana Rwanda na Uganda.

Basi mtu akishikwa na homa, na aende zahanati apimwe damu. Akipewa mseto wa artemetha na lumefantrini, ameze mara mbili kwa siku, kwa siku tatu kamili, pamoja na chakula au maziwa, maana mafuta husaidia dawa kuingia mwilini. Asiache siku ya pili kwa kuwa amepata nafuu, wala asimwekee jirani vidonge vilivyobaki. Kuponyoka kwa homa si kwisha kwa vijidudu.