Mwanafunzi Mwenye Dhima Nne

Yeyote apitaye Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati wa kampeni za serikali ya wanafunzi, hudhani kwamba vijana wale wanaogombea uongozi wa DARUSO hawana jambo jingine duniani ila siasa. Lakini usiku ukiingia, miongoni mwao wapo wanaokesha wakimaliza kazi ya darasani itakiwayo asubuhi, wapo watakaodamka Jumamosi kwenda kufundisha watoto wa shule bila ya ujira, na wapo ambao kila baada ya vipindi huketi kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu wakitafuta nauli na chakula. Habari za vijana hawa aghalabu husimuliwa kwa sifa tupu, na sifa haiwapunguzii mzigo.

Tuanze na masomo, kwa kuwa ndiyo yaliyowaleta. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, mwaka mzima wa shahada huhesabiwa krediti 120, na kila krediti ni saa 10 za kusikiliza mihadhara, kujisomea na kuandika. Jumla yake ni saa 1,200, nazo tukizigawa kwa majuma 30 ya kufundishwa, kila juma lina saa 40: kazi kamili ya mtu mzima, kabla ya kikao hata kimoja cha uongozi. Tena, Mlimani, maksi 40 katika kila 100 hutokana na majaribio na kazi za muhula. Basi kiongozi ajiambiaye kuwa atafidia siku za mwisho amekwisha kupoteza sehemu yake, na huyo ndiye aangukiaye kwenye sapu, yaani mitihani ya marudio, au, Mungu apishe mbali, kudisko, yaani kuondolewa chuoni.

Uongozi wa wanafunzi si anasa. Julius Nyerere, aliyeingia Makerere mwaka 1943 kusomea ualimu, alishiriki huko kuasisi jumuiya ya ustawi wa Watanganyika. Na Yoweri Museveni, aliyesoma Dar es Salaam tangu 1967 hata 1970, aliongoza chama cha wanafunzi kilichowaunga mkono wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, akahitimu. Siku hizi kiongozi ndiye aamshwaye usiku mwenzake akiugua, na ndiye aulizwaye bumu, yaani fedha za kujikimu, likichelewa kutoka Bodi ya Mikopo, ilhali yeye mwenyewe analingojea bumu lilo hilo.

Kwa rai yangu, ukichunguza sana, uongozi na huduma si vyenye kuwavunja vijana hawa. Madaraka yanagawanyika, kwani kiongozi ana makamu na mawaziri, na akiwaamini atapata nafasi ya kusoma. Huduma ya kufundisha watoto nayo yaweza kusimama kwa muda wa mitihani, na watu wakaelewa. Lakini njaa haiahirishwi. Mwenye kibanda hajui ratiba ya majaribio, wala si dhima yake kuijua, na kijana aliyekosa zamu leo huenda kesho akakuta nafasi imekwisha kutwaliwa. Hapa ndipo elimu inapopotea, kimya kimya, pasipo mtu wa kulaumiwa.

Kuna chuo kiitwacho Berea, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1855, ambacho hakimtozi mwanafunzi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi ya kulipwa isiyopungua saa 10 kwa juma, ama shambani, ama katika karakana za ufundi, ama ofisini. Kwa kuwa anayeajiri na anayefundisha ni chuo kimoja, kazi huweza kupangwa kwa kuzingatia masomo. Naam, Berea ina mali kubwa ya wakfu ambayo sisi hatunayo. Hata hivyo maktaba zetu, maabara zetu na bustani zetu zahitaji mikono, na mikono hiyo tunayo mabwenini.

Basi nawaomba wakuu wa vyuo vyetu wawatengee wanafunzi sehemu ya kazi hizo, saa chache kwa juma na kwa ujira wa haki, wakianza na wale wa mwaka wa kwanza, ambao hawajajua bado mjini wapate wapi riziki.